Ernst May: Mjerumani aliyehamishia kuta kiwandani, kisha akaja kujenga Afrika Mashariki

WAKAZI wa miji mikubwa duniani wamezoea kuliona lori refu likijipenyeza katikati ya mji alfajiri, likiwa limebeba vipande vya ukuta wa zege vilivyosimamishwa wima mithili ya vitabu kwenye rafu. Kufikia jioni, kreni huwa imevinyanyua kimoja kimoja na kuvipachika, na jumba la ofisi ambalo jana lilikuwa mifupa mitupu ya nguzo na sakafu huwa limeanza kuvaa nguo.

Ukuta wa aina hiyo haujengwi tena na mwashi aliyesimama juu ya jukwaa la mbao akipanga jiwe juu ya jiwe. Humwagwa kiwandani ndani ya kalibu, ukawekewa nondo, ukakauka chini ya paa, kisha ukasafirishwa ukiwa tayari. Miongoni mwa watu walioipigania kwa dhati njia hiyo katika karne ya 20 ni msanifu majengo Ernst May, Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki kwa takriban miaka 20, mingi kati ya hiyo akiwa Nairobi.

Jina lake lingali linatajwa kwa heshima katika vyuo vya usanifu majengo Ulaya. Afrika Mashariki, maelfu ya watu wamepita mbele ya majengo aliyoyachora bila kumfahamu. Hata hivyo, maisha yake yanalibeba swali ambalo bado linaikabili miji ya eneo hili: je, kiwanda cha kuta kinaweza kuwapa wananchi wa kawaida makao bora, na ni masharti gani yanayopaswa kutimizwa kwanza?

Ernst May alizaliwa Julai 27, 1886 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alisomea usanifu London na katika vyuo vya nyumbani kwao, Darmstadt na Munich. Kati ya 1910 na 1912 alifanya kazi nchini Uingereza katika ofisi ya Raymond Unwin, mmoja wa waasisi wa mitaa ya bustani. Unwin alishikilia kuwa mfanyakazi ana haki ya kuishi katika nyumba yenye jua, hewa safi na kipande cha ardhi cha kupanda mboga. Wazo hilo lilimwingia May na halikumtoka maishani.

Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alihamia Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Huko alisimamia ujenzi wa makazi ya watu wa kipato cha chini vijijini kuanzia 1919 hadi 1925. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vitani, fedha zake zilikuwa zimepoteza thamani na vifaa vya ujenzi vilikuwa adimu. May alijifunza kujenga kwa kidogo kilichopatikana.

Mwaka wa 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita nyumbani na kumkabidhi idara nzima ya ujenzi na mipango ya mji. Maelfu ya familia zilikuwa zimesongamana katika vyumba vyenye giza na unyevu. Fedha zilikuwapo kutokana na kodi iliyoanzishwa mwaka wa 1924, ambayo iliwatoza wenye nyumba ambao madeni yao yalikuwa yameyeyuka pamoja na thamani ya sarafu. Kilichokosekana ni kasi.

Jibu la May lilikuwa kuigeuza nyumba kuwa bidhaa ya kiwandani. Milango, madirisha, vitasa na hata majiko yalitengenezwa kwa vipimo vilivyofanana. Mwanamke msanifu kutoka Austria, Margarete Lihotzky, aliyekuwa katika kundi lake, alibuni mwaka wa 1926 jiko dogo lililopangwa kwa namna ya kumpunguzia mpishi hatua, na takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yakawekwa katika nyumba za mji huo.

Hatua iliyothubutu zaidi ilihusu ukuta wenyewe. Mwaka wa 1926 manispaa ilianzisha kiwanda cha mabamba ya zege ndani ya jumba moja la maonyesho ya biashara. Kiliajiri mafundi wa ujenzi waliokuwa wamekosa kazi. Bamba la kawaida lilikuwa na urefu wa mita 3, kimo cha mita 1.1 na unene wa sentimita 20. Zege lake lilichanganywa na mawe mepesi yenye vitundu yanayotokana na volkeno, ili lisiwe zito mno kwa kreni na pia lizuie baridi.

Kazi ilienda hivi. Zege lilimwagwa katika kalibu zilizolala chini. Lilipokauka, mabamba yalipangwa ghalani kisha yakapelekwa kwenye kiwanja. Huko kreni iliyapandisha, watu wachache wakayaelekeza mahali pake na kuyaunganisha kwa udongo wa saruji. Kazi ya ukuta ambayo kwa matofali ingechukua majuma iliweza kumalizwa kwa siku chache. Mtaa wa Praunheim ulikuwa mmojawapo wa sehemu zilizotumiwa kuijaribu njia hiyo.

May hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1905 mhandisi wa mji wa Liverpool, John Alexander Brodie, alikuwa amejenga nyumba ya ghorofa kwa mabamba makubwa ya zege. Majaribio mengine yalifanywa Marekani na Uholanzi. Alilolifanya May ni kulitoa wazo hilo mikononi mwa wavumbuzi na kuliingiza katika sera ya mji, likiwa na kiwanda, bajeti na wapangaji waliokuwa wakisubiri.

Matokeo yake yalishangaza wengi. Katika muda wa miaka mitano hivi, Frankfurt ilipata takriban nyumba 12,000 mpya, na mitaa kama Römerstadt, kando ya bonde la mto Nidda, ikawa kivutio cha wasanifu wa mataifa mengi. Oktoba 1929 wasanifu wa kimataifa walikutana mjini humo kujadili kiwango cha chini kabisa cha makao kinachostahili binadamu.

Hata hivyo, haki itendeke kwa kutaja upande wa pili. Nyumba zilizojengwa kwa mabamba zilikuwa sehemu ndogo tu ya jumla hiyo. Nyingi bado zilijengwa kwa matofali. Gharama hazikushuka kwa kiwango kilichotarajiwa, maana kiwanda na kreni ni mali ghali ambayo hujilipa tu iwapo kazi ni nyingi na haikatiki. Baadhi ya nyumba zilipata nyufa na unyevu. Njia mpya ilikuwa imeonyesha mahali inapouma: bamba lenyewe laweza kuwa imara, lakini nyumba huvuja na kudhoofika pale bamba moja linapokutana na jingine.

Msukosuko wa uchumi wa 1929 ulikausha fedha. Mwaka wa 1930 May alikubali mwaliko wa Muungano wa Kisovieti na kuondoka Frankfurt kwa gari-moshi pamoja na kundi la wasanifu wenzake. Walitarajiwa kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwamo Magnitogorsk karibu na milima ya Ural.

Matumaini hayo hayakudumu. Mipango ilibadilishwa kabla wino haujakauka, vifaa havikutosha, na wafanyakazi waliishi katika mabanda huku michoro ya miji ya kisasa ikirundikana mezani. Mwishoni mwa 1933 May aliondoka.

Kwao hapakuwa mahali pa kurudi. Adolf Hitler alikuwa ameshika madaraka Januari 1933, na May, mwenye asili ya Kiyahudi katika ukoo wake na aliyekuwa amefanya kazi Urusi, alihesabiwa miongoni mwa maadui. Mwaka wa 1934, akiwa na mkewe Ilse na watoto wao, alikuja Tanganyika na kununua shamba karibu na Arusha. Mtu aliyekuwa akisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba alishika jembe akiwa na umri wa miaka 48.

Kilimo hakikumfunga kwa muda mrefu. Mwaka wa 1937 alihamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Alichora nyumba za walowezi na majengo ya biashara, akajijengea na yake mtaani Karen. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, serikali ya Uingereza ilimtazama kama raia wa adui licha ya kwamba Wanazi walikuwa wamemkataa. Kati ya 1940 na 1942 aliwekwa kizuizini Afrika Kusini.

Aliporejea Nairobi, alilirudia wazo lake la zamani. Miji ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipokea wafanyakazi wengi kuliko vyumba vilivyokuwapo. Mombasa ilikuwa imeshuhudia mgomo wa wafanyakazi mwaka wa 1939, na Januari 1947 mgomo mkubwa zaidi ukaukumba mji huo. Mishahara duni na makao mabovu yalikuwa miongoni mwa malalamiko.

Kufikia katikati ya miaka ya 1940 May alikuwa amebuni nyumba ndogo ya vipande vya zege kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mbavu za zege zilizopinda zilisimamishwa kama upinde mrefu, kisha mabamba membamba yakaangikwa juu yake kwa kulabu, hivi kwamba ukuta na paa vilikuwa kitu kimoja. Vipande vilikuwa vyepesi, na watu wachache wasio mafundi wa kupindukia wangeweza kuviunganisha bila kreni. Umbo lake lilikusudiwa kufanana na nyumba za msonge zilizozoeleka vijijini.

Kihandisi, ubunifu huo ulikuwa wa busara. Ulikiri kuwa kilichofaa Frankfurt hakikufaa Nairobi, mahali ambapo kreni zilikuwa chache na barabara mbovu. Lakini haukuenea. Palipo na ujira mdogo, mashine inayookoa nguvu za watu haiokoi fedha nyingi. Machimbo ya Nairobi yalitoa mawe ya kuchonga kwa urahisi, na saruji ilikuwa ya thamani. Zaidi ya yote, hapakuwa na manispaa iliyokuwa tayari kununua maelfu ya nyumba kwa mkupuo, jambo ambalo ndilo uhai wa kiwanda chochote cha kuta.

Palikuwa pia na kasoro isiyotokana na saruji. Nyumba hiyo ilibuniwa na Mzungu kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Mfanyakazi aliyekuja mjini kutafuta maisha mapya aliandaliwa chumba chenye umbo la kule alikotoka, ilhali mwajiri wake akikaa katika nyumba ya kuta nne zilizonyooka.

Kasoro hiyo ilijitokeza waziwazi katika mpango wa kuupanua mji wa Kampala aliopewa kuutayarisha, na ambao ripoti yake ilitoka mwaka wa 1947. Mpango ulihusu vilima vya Kololo na Naguru. Ulizingatia miteremko, upepo na kijani kwa ustadi mkubwa, lakini uliukubali mgawanyo wa rangi wa enzi ya ukoloni: Waafrika walitengewa Naguru, mbali na makazi ya Wazungu na Waasia. Aliyeamini Frankfurt kuwa jua ni haki ya kila mfanyakazi, huku aliligawa jua hilo kwa mtaa na kwa rangi. Wanahistoria wa usanifu hawajalifumbia macho jambo hilo, wala hawapaswi.

Majengo yake mengine yamemletea sifa njema zaidi. Jijini Nairobi kuna nyumba za ghorofa za Delamere Flats. Kisumu alichora shule ya wasichana ya Aga Khan. Mombasa alichora Oceanic Hotel iliyopinda kama mundu ili vyumba vielekee baharini, pamoja na mtaa wa wafanyakazi huko Tudor. Kampala alichora Jumba la Makumbusho la Uganda, lililofunguliwa katika makao yake hayo mwaka wa 1954. Mwaka wa 2011 serikali ya Uganda ilipotaka kulibomoa ili pajengwe mnara wa biashara wa ghorofa 60, wapenzi wa turathi walipinga hadi mahakamani, na jumba likabaki limesimama.

Katika kazi hizo May aliwaachia wasanifu wa ukanda huu somo ambalo lina thamani kubwa katika ujenzi wa ofisi. Karibu na Ikweta, alisisitiza, jengo refu lielekeze pande zake pana kaskazini na kusini, na ncha zake fupi mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lisiunguze vyumba. Ukuta uwe na kivuli chake wenyewe, kwa mabamba yaliyochomoza juu ya madirisha, na upepo upewe njia ya kuingia na ya kutokea. Ofisi inayojengwa kwa kulipuuza somo hilo hulipa kosa lake kila mwezi kupitia bili ya umeme wa mitambo ya kupooza hewa.

Mwishoni mwa 1953 May alifunga ofisi na kurejea Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 67. Alianza kazi Hamburg akiwa mkuu wa mipango katika shirika la nyumba la Neue Heimat, na mkono wake ukaonekana katika mitaa kama Neu-Altona mjini humo na Neue Vahr mjini Bremen, ambako takriban nyumba 10,000 zilijengwa kati ya 1957 na 1962.

Kufikia wakati huo, dunia ilikuwa imelichukua wazo lake na kulipeleka mbali. Muungano wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki walikuwa wakijenga mitaa mizima kwa mabamba. Katika nchi za Magharibi, mabamba yaliingia kwenye majumba ya ofisi. Mfano mashuhuri ni jengo la Pan Am jijini New York, lenye ghorofa 59, lililofunguliwa mwaka wa 1963 likiwa limefunikwa kwa karibu mabamba 9,000 ya zege. Mmoja wa wasanifu wake alikuwa Walter Gropius, Mjerumani wa rika la May aliyekuwa amefanya majaribio ya nyumba za vipande mjini Dessau katika miaka ile ile ya 1920.

Kati ya nyumba za Frankfurt na jengo la New York kuna tofauti inayofaa kueleweka. Frankfurt, mabamba yalibeba uzito wa nyumba. New York, uzito ulibebwa na nguzo na mihimili ya chuma, na mabamba yaliangikwa nje kama koti. Ndiyo sababu njia hii ya pili hufaa sana ofisi za mjini. Ghorofa hufanana, hivyo kalibu moja hutumika mara nyingi. Mabamba hutengenezwa wakati msingi ukichimbwa, na kiwanja chembamba kisicho na nafasi ya kurundika mchanga na kokoto hupokea vipande siku ile ile vinapohitajika.

Lakini koti nalo lina vishikizo, na ukuta unaobeba uzito una maungio ambayo uhai wa watu huning'inia juu yake. Mei 16, 1968 mlipuko wa gesi katika ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, London, uliyasukuma nje mabamba ya ukuta, na pembe nzima ya jengo hilo la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu wanne walifariki. Jengo lilikuwa jipya kabisa. Uchunguzi ulionyesha kuwa hitilafu haikuwa katika mabamba bali katika namna yalivyofungamanishwa, na sheria za ujenzi Uingereza zikabadilishwa. Jengo lilipobomolewa miaka ya 1980, uzembe mkubwa wa mafundi ulionekana ndani ya maungio hayo, mahali ambapo jicho la mkaguzi lisingefika tena baada ya ukuta kuzibwa.

May alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 81, tukio hilo lilipotokea. Alifariki jijini Hamburg Septemba 11, 1970, akiwa na miaka 84. Huko Römerstadt, nyumba moja ya enzi zake imerejeshwa katika hali yake ya awali, pamoja na jiko la Lihotzky, na wageni huruhusiwa kuitembelea.

Kwa miji ya Kenya, ambako viwanda vya vipande vya zege vimechipuka viungani mwa Nairobi na ambako majengo yaliyoporomoka yameua watu zaidi ya mara moja, maisha ya msanifu huyo yana mafunzo yasiyochakaa. Kiwanda cha kuta hustawi palipo na kazi nyingi na mnunuzi asiyebadilisha nia kila mwaka. Kilimpa May nyumba za haraka kwa sababu manispaa ya Frankfurt ilimhakikishia oda, na kikamshinda Nairobi kwa sababu hapakuwa na aliyemhakikishia.

Mkaguzi naye anahitajika zaidi, wala si kidogo. Ukuta wa mawe hujengwa mchana kweupe, kila mpita njia akiutazama. Ukuta wa kiwandani huficha siri zake katika nondo na maungio, na fundi anayeyajaza maungio hayo kwenye ghorofa ya 15 ndiye aliyeshika maisha ya makarani watakaoketi chini yake kwa miaka 50 ijayo.

Na kuna suala la watu. Kile kiwanda cha kwanza cha Frankfurt kiliajiri waliokosa kazi, kikawafundisha ufundi mpya badala ya kuwaacha kando ya barabara kutazama kreni ikiwapokonya riziki. Miji inayoipokea teknolojia hii leo ina waashi wengi ambao mikono yao ndiyo mtaji wao wa pekee. Mwaka wa 1926, kabla bamba la kwanza halijapandishwa Praunheim, May na manispaa yake walikuwa wamekwisha kuamua watu hao wangefanya kazi gani.